Acheni Kumwita Mama Nguzo

Ndugu msomaji, chukua daftari la mashairi la kijana yeyote wa mji huu, awe wa Mbagala au wa Tegeta, ulifungue. Nakuhakikishia kabla hujafika ukurasa wa tano utamkuta mama. Na mama huyo utamjua mara moja, maana ni yule yule wa siku zote: kabeba miezi tisa, kavumilia, kalala njaa ili mwana ale, kalia usiku pasipo mtu kumwona, asubuhi kasimama tena kama nguzo. Mshairi anamshukuru, anamwombea pepo, anafunga ubeti wa mwisho. Basi. Hakuna aliyeuliza kama mama mwenyewe alipata usingizi.

Mimi nasema shairi hilo sasa limetosha. Na nasema zaidi: shairi hilo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Hebu tulitazame hilo neno tunalolipenda, nguzo. Nguzo haiulizwi kama imechoka. Kazi yake ni kubeba paa, na kadiri inavyokaa kimya ndivyo inavyosifiwa. Siku ikipasuka, wenye nyumba husema mti ulikuwa mbovu. Penina Muhando aliliona jambo hili mapema. Tamthilia yake *Nguzo Mama* ilitoka mwaka 1982, na ndani yake wanawake wa kijiji cha Patata, Bi Moja mpaka Bi Nane, wanahangaika kuisimamisha nguzo iliyolala chini, kila mmoja na shida zake za nyumbani zinazomvuta mkono. Zaidi ya miaka 40 imepita tangu atuambie. Wapo kati yetu walioisoma tamthilia hiyo, wakaisifu, kisha wakarudi kuandika kwamba nguzo imesimama imara. Walisoma nini?

Chukua na *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Madarasani na vijiweni tumebishana mpaka mate yametukauka: nani alimharibu Rosa? Wapo wanaomtaja baba yake, Zakaria, kwa ukali na ulevi wake. Wapo wanaotaja shule, na wengine Rosa mwenyewe. Ni mara chache utasikia mtu anauliza habari za Regina, mama wa nyumba ile, aliyekuwa akiishi na Zakaria yule yule chini ya paa lile lile. Regina alikuwa na hali gani moyoni? Angemsikilizaje binti yake wakati yeye mwenyewe hakuwa na wa kumsikiliza? Mwandishi ametuachia mlango wazi. Sisi wasomaji ndio hatukuingia.

Sasa toka vitabuni, njoo mtaani. Mama huyu tunayemsifu Jumapili ile ya Mei, redio zote zikimwimbia, ndiye wa kwanza kushtakiwa mtoto akiharibika. Mwaka 2015, na tena mwaka 2022, Panya Road walipoutia mji huu kiwewe, swali lililosikika kwenye daladala na vibarazani lilikuwa moja: mama zao walikuwa wapi?

Nitawajibu mama zao walikuwa wapi. Walikuwa soko la Stereo pale Temeke kabla hakujapambazuka, wakichagua nyanya za kwenda kuuza fungu fungu. Walikuwa Feri wakigombea ndoo ya dagaa. Walikuwa kwenye jiko la mkaa, uani, wakikaanga vitumbua vya watoto wa watu wakati wao wanaenda shule na chai ya rangi. Walikuwa kwenye kikao cha marejesho, wanahesabu noti zinazopungua, maana mkopo wa "kausha damu" haujui mtoto ana homa wala mvua imenyesha wiki nzima biashara ikalala. Kakosa rejesho, wanakuja kubeba godoro na televisheni, majirani wakiangalia. Halafu jioni anarudi kwenye chumba kimoja cha kupanga, watoto wanne, baba yupo kama hayupo, au yupo na mkono wake mwepesi. Ndiyo, mama zao walikuwa kazini, na vichwani mwao kulikuwa kunawaka moto.

Kuwaka moto si maneno yangu. Ndivyo wanavyosema wenyewe. Madaktari wana neno lao, sonona, na ni neno zuri la Kiswahili. Lakini nenda Buza au Tandale, ukae uani, usikie. Huwezi kumkuta mama anayesema nina sonona. Atakwambia "nina mawazo." Atakwambia moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, chakula hakipandi, mtoto akilia anasikia hasira mpaka anaogopa mikono yake mwenyewe. Na atakwambia hayo huku anamenya viazi, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mafuta. Lugha yetu imelibeba jambo hili siku nyingi. Sisi tunaojiita mafundi wa lugha ndio tumeziba masikio.

Na msidhani ni wawili watatu. Mwaka 2010 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika kliniki za wajawazito hapa hapa Dar es Salaam. Waliwauliza wanawake 787. Karibu wanne katika kila kumi walikuwa na dalili za sonona za kiwango cha kutia wasiwasi. Na mambo yaliyoambatana nazo hayakuwa majini wala uvivu. Yalikuwa kushindwa kupata mahitaji ya lazima na ugomvi na mwenzi ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 16 katika kila 100 hupata matatizo ya akili wakiwa wajawazito, na karibu 20 katika kila 100 baada ya kujifungua. Kwa hiyo kwenye foleni ya kliniki, benchi la wanawake kumi, wawili wanaweza kuwa wanaumwa ugonjwa ambao hakuna anayeupima.

Maana wanapimwa nini? Mjamzito anapimwa presha, damu, uzito, malaria, virusi vya ukimwi. Vizuri, na mungu awabariki manesi wetu, nao wana mawazo yao. Mtoto anatundikwa kwenye mzani, alama inawekwa kwenye kadi. Mama anaitwa "Mama Rama, sogea," jina lake mwenyewe limeshaliwa na jina la mtoto. Akiwa na bahati ataulizwa ananyonyesha mara ngapi. Mara nyingi haulizwi: wewe, dada, unaendeleaje?

Na mtoto akionekana amekonda, mtaa una jibu tayari: huyo kabemendwa! Mama kashindwa kujizuia, kamharibu mtoto kwa tamaa zake. Hebu fikirini ukatili wa neno hilo. Mwanamke amelemewa na mawazo, hana hamu ya kula, hana nguvu ya kumbembeleza mtoto anywe uji, kliniki mbili zimempita kwa kuwa kuamka tu ni vita. Mtoto anapungua. Badala ya kumshika mkono, tunamwongezea aibu juu ya huzuni, naye anazidi kujificha ndani, na mtoto anazidi kupungua.

Hivi ndivyo maradhi ya mama yanavyomfikia mtoto. Hayapiti kwa laana wala kwa damu mbaya. Yanapita katika mambo madogo ya kila siku. Mtoto mchanga anajifunza dunia kwa kutazama uso wa anayemlea. Miaka ya 1970 kule Marekani, mtaalamu Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha wakae dakika chache tu uso umetulia kama ukuta, bila tabasamu wala neno. Watoto walijaribu kila namna kumwamsha mama: wakatabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele, mwisho wakageuza nyuso zao pembeni kwa unyonge. Hizo ni dakika chache, tena mama akirudi kucheka mambo yanakwisha. Sasa fikiria mtoto ambaye uso huo wa ukuta ndio anaoamka nao na kulala nao mwaka mzima, kwa sababu mama yake amezama na hakuna anayemwona anazama.

Mtoto huyo akikua anajifunza kunyamaza, au anajifunza kupiga kelele. Akiwa wa kike, mara nyingi anageuka mama wa mama yake akiwa na miaka tisa: anapika, analea wadogo, anasoma uso wa bi mkubwa kila asubuhi ajue leo ni siku ya mwiko au siku ya machozi. Akiwa wa kiume anakimbilia kijiweni, maana kijiweni angalau washikaji wanamcheka na kumwita jina. Simaanishi kila mtoto wa mama mwenye mawazo ataharibika. Wengi hawaharibiki, kwa sababu palikuwa na bibi, shangazi, jirani au mwalimu. Ila hao nao tusiwahesabu kama ushahidi kwamba hakukuwa na moto. Waliookolewa kwenye moto hawathibitishi kwamba nyumba haikuungua.

Hapo najua wataniinukia watu wa aina mbili.

Wa kwanza watasema: haya ni mambo ya Wazungu, mama zetu walivumilia na sisi tumekua. Ndugu yangu, mama zetu hawakuvumilia peke yao. Mzazi alikuwa na arobaini yake. Mama yake au mkwe anakuja, anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji, anamshikia mtoto usiku ili yeye alale, wanawake wanaingia na kutoka wakimletea maneno na kicheko. Siku 40 mtu halali peke yake na mawazo yake. Hiyo ilikuwa dawa, ingawa hakuna aliyeiita dawa. Leo mwanamke wa Chamazi mama yake yuko Lindi au Songea, nauli ni ya kukopa, na hata akija atalala wapi katika chumba kimoja? Siku ya saba mzazi yuko bombani anachota maji, ya kumi na nne yuko gengeni. Mkoa huu ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na pembezoni mwake mtu anaweza kuzungukwa na wapangaji kumi na bado akawa mpweke kuliko aliyeko porini. Tumeiondoa arobaini, tumebakiza neno "vumilia." Huko si kufuata mila. Huko ni kuiba nusu ya mila na kumwachia mwanamke nusu iliyo nzito.

Wa pili watasema: kumbe na wewe unamlaumu mama! Hapana. Nasema mama anaumwa na hajahudumiwa. Anayesema mtu anaumwa hamlaumu mgonjwa. Lawama yangu naielekeza kwa anayempiga, na nchi hii tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba mume hana haki ya kumpiga mke, wala mke mume. Naielekeza kwa anayemkopesha shilingi ili amnyonye damu. Naielekeza kwa jamaa anayesikia kilio ukutani akaongeza sauti ya redio. Na kwa sisi waandishi tunaokipamba kilio hicho vina na mizani.

Tena angalieni kichekesho hiki kisichochekesha. Serikali inajua kabisa kwamba kujifungua kunaweza kuiyumbisha akili ya mwanamke. Imo ndani ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16: mama akimuua mtoto wake aliye chini ya miezi 12, na ikaonekana kwamba akili yake haikuwa sawasawa kwa kuwa hajapona vizuri athari za uzazi, kosa lake halihesabiwi kuwa mauaji ya kukusudia bali huadhibiwa kama kuua bila kukusudia. Sheria ina huruma, naipongeza. Lakini huruma hiyo inafika wakati mtoto yuko kaburini na mama yuko kizimbani! Hakimu anajua. Mwendesha mashtaka anajua. Kwa nini jambo lijulikane mahakamani lisijulikane kwenye benchi la kliniki miezi sita kabla?

Mtasema hatuna madaktari wa akili. Kweli ni wachache, na wengi wetu tukisikia ugonjwa wa akili tunafikiria Mirembe tu, kule Dodoma, na utani wake mbaya. Lakini kwa wengi wanaoumwa mawazo, dawa ya kwanza haihitaji Mirembe wala daktari bingwa. Nina mifano mitatu, na hakuna hata mmoja unaotoka nchi tajiri.

Kwanza, majirani zetu Waganda. Katika wilaya za Rakai na Masaka, vijiji 30 viliingizwa katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2003. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa kazi hiyo. Wanazungumza: msiba, ugomvi, upweke. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliobaki na sonona kali hawakufika 7 katika 100. Katika vijiji visivyokuwa navyo walikuwa karibu 55.

Pili, Pakistani. Huko wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wenye elimu ya sekondari tu, walifundishwa kukaa na wajawazito wenye sonona na kuzungumza nao nyumbani, wakaendelea nao baada ya kujifungua. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Miezi sita baada ya uzazi, waliotembelewa hivyo waliobaki na sonona walikuwa 23 katika 100. Wale ambao hawakupata mazungumzo hayo walikuwa 53 katika 100. Na sikilizeni hili: watoto wa waliopata mazungumzo waliharisha kidogo zaidi, na wengi zaidi walimaliza chanjo zao. Maongezi na mama yalimtibu mtoto tumbo!

Tatu, Zimbabwe. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 pale Mbare, Harare. Bibi anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, mwenye mawazo anakaa pembeni yake, wanaongea. Hilo tu. Sisi tunashindwa nini? Bibi tunao, mabenchi tunayo, na maneno tunayo kuliko wote.

Serikali yetu ilizindua mwanzoni mwa mwaka 2024 mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mimi nadai, na nataka nanyi mdai, kwamba kila mmoja wao anayepita Keko, Manzese, Yombo au Bunju afundishwe kukaa mkekani na kumsikiliza mama, kama alivyofundishwa mwenzake wa Pakistani. Nadai pia kila kliniki imuulize mama maswali mawili, kama wakunga wanavyoshauriwa kule Uingereza: katika mwezi uliopita umesumbuliwa na majonzi au kukata tamaa? Umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Hayahitaji mashine wala umeme. Yanahitaji nesi mwenye muda, na mahali pa kumpeleka mama atakayejibu ndiyo. Kwa hiyo nadai na nesi huyo aongezewe wenzake.

Na sisi wenye kalamu, tudai nini kwa nafsi zetu?

Kwanza, tuache kuandika kuhusu mama kama picha ya ukutani. Mwandike mwanamke mwenye jina lake, Mwajuma au Neema, aliyekuwapo kabla ya kuwa Mama Rama. Mwandike anayempenda mwanawe na siku nyingine anatamani angekuwa peke yake chumbani kwa saa moja, na usimhukumu. Mwandike anayepiga mtoto kisha anakaa chooni analia. Mwandike baba naye, usimwache aondoke kwenye hadithi kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake.

Pili, tuliue hilo neno "vumilia" kwenye vinywa vya wahusika wetu wema. Kila shangazi mwenye busara katika hadithi zetu anamwambia binti avumilie. Mpeni shangazi maneno mengine. Aseme, "Mwanangu, nipe huyo mtoto, ukalale." Sentensi fupi namna hiyo ina thamani kuliko beti ishirini za sifa.

Tatu, kabla ya kuandika, tuulize. Wengi wetu bado tunaishi na bi mkubwa, au yuko umbali wa daladala mbili. Tunamjua anavyopika, anavyosema, anavyokohoa. Hatujui alipokuwa na miaka yetu alitaka kuwa nani, wala ni mwaka gani ulikuwa mbaya kuliko yote. Tunaona haya kumuuliza, halafu hatuoni haya kumtungia shairi!

Najua wapo watakaonijibu katika toleo lijalo kwamba nimevunja heshima ya mama. Karibuni uwanjani, kalamu zipo. Lakini mnijibu na hili: heshima gani hiyo ambayo sharti lake la kwanza ni mwenyewe kunyamaza? Mtoto wa Tandika au wa Mwananyamala hahitaji mama aliye nguzo. Nguzo haina mikono ya kumkumbatia. Anahitaji mama mzima, aliyelala usiku, aliyesikilizwa mchana, ambaye akicheka macho nayo yanacheka. Tukishindwa kulisema hilo sisi, kizazi tulichokulia kwenye vyumba hivyo na tukasikia kila kitu kupitia pazia, nani tunamsubiri aje kulisema?